Sanduku la Msaada wa Kwanza Mahali pa Kazi



Wengi wetu tutamaliza masomo na kuingia kazini: wengine ku karakana za mbao hapa Kasongo, wengine ku machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila na Namoya katika Kabambare, wengine ku mashamba. Pahali pote pale hatari iko. Mtu akikatwa mshipa mkubwa anaweza kufa kwa dakika chache, mbele pikipiki haijafika. Na wakati wa mvua njia ya udongo haimhurumii mgonjwa. Basi tujifunze sanduku lile.

1. Tuangalie kazi kwanza
Fundi mbao anakatwa na msumeno: anahitaji kompresi na bande nyingi. Fundi wa vyuma na mpishi wanaungua: maji safi yasikose. Mchimbaji anavunjika mguu: blanketi na vibao viwili viwe karibu.

2. Vitu vya kutia
Mipira ya mikono, sababu damu inaweza kuambukiza sida na homa ya ini. Sabuni na bidoni ya maji safi. Kompresi ndani ya karatasi zake, bande, sparadra, makasi, pini, kitambaa cha pembe tatu. Tena kaye na kalamu. Damu ikitoka sana, tukandamize kidonda kwa kompresi bila kuachilia. Ikilowa, tuongeze ingine juu yake.

3. Vitu vya kuacha
Sindano na vidonge vya antibiotiki ni kazi ya muganga. Hata jiwe nyeusi tuliache: watu wanalisifu kwa mtu aliyeumwa na nyoka, lakini halitoi sumu. Tusichanje, tusikaze kamba. Tumlaze, tufunge mguu na kibao usicheze, tumpeleke hospitali upesi. Aliyeungua tusimpake mawese wala dawa ya meno. Tummiminie maji baridi dakika 20.

4. Nani atalichunga?
Hapa ndipo wengi wanaanguka. Siye tuliona sanduku moja lenye rangi nzuri sana. Ndani mlikuwa misumari. Kwa hiyo mtu mmoja achaguliwe. Kila kitu kinachotoka kiandikwe ku kaye na kirudishwe juma lile lile. Kila mwezi atazame tarehe za mwisho. Kufuli hapana: ajali haingoji mwenye ufunguo. Alama iwe msalaba mweupe juu ya kijani, sababu ule mwekundu unalindwa na Mapatano ya Geneva ya 1949.

Sheria ya Kazi ya 16 Oktoba 2002 inamtaka patroni alinde afya ya wafanyakazi wake. Kumuomba sanduku si kukosa heshima. Wachimbaji wasio na patroni wachange wenyewe, kila mtu kidogo.

Maswali
a) Kazi ya baba au mama yako ina hatari gani?
b) Sanduku liko pale? Lifungue. Ni nini kinakosa?