Mvua zikikatika Dodoma, hasara ni ya nani?

Katika darasa langu la fiqhi ya biashara hapa Dodoma, swali linalorudi kila msimu ni la mahindi mabichi. Mfanyabiashara wa mjini huenda kijijini Januari au Februari, wakati ghala la mkulima limebaki tupu, akampa fedha taslimu. Mei au Juni anakwenda kuvuna shamba lile. Je, inafaa?

Kwanza tuitazame hali yenyewe. Ugogo una msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili, wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Siku hizi mvua huchelewa kuanza, kisha hukatika katikati, pale mahindi yanapotoa mbelewele. Mtama na uwele huvumilia, mahindi hayavumilii. Lakini sisi wa mjini tunataka sembe, na mkulima hulima kinachonunuliwa. Nasi tumeongezeka: Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 410,000 hapa mjini, ya 2022 zaidi ya 765,000.

Wagogo wana kumbukumbu ya njaa ya Mtunya, mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake. Ukame ulikuwepo, lakini kabla yake majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalikwishachukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Ukame ukawakuta watu hawana akiba.

Sasa hukumu. Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza mazao kabla hayajakomaa, na amewakataza wote wawili, muuzaji na mnunuzi, kwa kuwa hakuna ajuaye kama Allah atayajaalia kufika mavunoni. Shamba likikauka, ugomvi ni lazima. Na huku kwetu ugomvi huo huishia pabaya: deni husogezwa msimu ujao, gunia moja likawa mawili. Hiyo ni riba, hata kama hakuna aliyetaja neno riba.

Hata hivyo mlango upo. Alipofika Madina, Mtume (s.a.w.) aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla. Hakuwazuia, ila alitaka kipimo, uzito na muda vijulikane. Ndiyo biashara ya salam. Fedha zote zitolewe papo hapo, mahindi yahesabiwe kwa kilo (si lumbesa!), na yasifungwe na shamba moja. La Chamwino likikauka, mkulima anaweza kutimiza ahadi kwa mahindi ya Kibaigwa. Akishindwa kabisa, mnunuzi asubiri au arudishiwe fedha zake zile zile, bila nyongeza.

Mwanafunzi wangu mmoja, mfanyabiashara wa nafaka, alilalamika kuwa kwa masharti haya faida itapungua. Ni kweli, itapungua. Kisha akauliza kama anaweza kufanya salam ya mtama badala ya mahindi. Anaweza, na mkulima atalala usingizi zaidi. Kazi iliyobaki kwake ni kumpata mtu wa kuununua mtama huo pale soko la Majengo.