Mtaa Ufaao Kulea Watoto

Wazazi wengi wanaofanya kazi mjini huuliza: Tukae wapi tupate kuwalea watoto wetu vizuri? Swali hili ni la haki, nalo lataka kujibiwa kwa akili. Hebu leo tuitazame Igogo, katika jiji la Mwanza.

Igogo i karibu na katikati ya jiji, upande wa kusini, kando ya Ziwa Viktoria. Tangu reli ilipofika Mwanza mwaka 1928 mji umezidi kukua, na wengi waliokosa kiwanja bondeni walipanda mlimani, wakajenga kati ya mawe makubwa. Faida yao twaiona. Baba aweza kwenda kazini kwa miguu, na mama hurudi sokoni kabla watoto hawajatoka shuleni. Ahamiaye Buswelu au Kisesa hupata kiwanja kipana zaidi, lakini hulipa nauli kila siku, na pengine hufika nyumbani watoto wamekwisha lala.

Basi, ukaribu ni mali. Lakini mlima nao una sheria yake: maji huteremka. Choo cha shimo hakichimbiki kwa urahisi mwambani. Shimo fupi hujaa upesi, na gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda vichochoro vya mawe. Mwenye nyumba ya juu akifungulia choo chake wakati wa mvua, uchafu hupita mlangoni pa jirani wa chini, wachezapo watoto, ukaishia katika ziwa lile lile tunywalo maji yake. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilifika Mwanza pia.

Miaka ya karibuni mabomba membamba ya majitaka yamelazwa katika baadhi ya vilima vya Mwanza, Igogo ikiwamo. Kazi hiyo ni njema, lakini yategemea ujirani. Mmoja akikataa bomba lipite uani pake, nyumba za juu yake hukwama. Mmoja akitupa matambara chooni, bomba huziba kwa wengi.

Kwa hiyo twawashauri hivi:

Kwanza, mtafutapo nyumba ya kupanga, ulizeni uchafu waenda wapi kabla ya kuuliza kodi.

Pili, mwenye nyumba atengeneze choo kwanza, ndipo aongeze chumba cha wapangaji.

Tatu, watoto wafundishwe kunawa mikono, na kutotupa taka mferejini.

Nne, majirani wa mstari mmoja wa bomba wakutane na kuchagua mtu wa kuliangalia.

Mtoto wa jirani akiugua leo, wetu yu karibu kuugua kesho. Jioni hii, baba na mama waulizane: Maji yatokayo nyumbani kwetu hupita mlangoni pa nani?