Chora Ukuta na Mikwaruzo Yake

Wachoraji wengi wakifika Mji Mkongwe wa Zanzibar hukimbilia milango: nakshi, misumari ya shaba, mnyororo uliochongwa kwenye fremu. Milango hiyo imechorwa mpaka imechoka. Geuza kigoda utazame ukuta mtupu wa upande wa pili.

Usome ukuta huo kwa vimo vya mwili. Usawa wa goti kuna chumvi na unyevu uliopanda kutoka ardhini, na alama za mpira wa watoto. Usawa wa kiuno, kwenye pembe ya kichochoro, mikokoteni imechubua plasta. Juu ya baraza kuna doa jeusi linalong'aa kidogo. Hapo ndipo wazee huegemeza migongo. Tia vimo hivyo kwa vistari vyepesi vya penseli ya HB, pamoja na usawa wa macho yako, ndipo uisimamishe nyumba. Vichochoro vimepinda, basi usilazimishe mistari yote ikutane kwenye nukta moja.

Viraka ndivyo vyenye kazi. Nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake hupumua. Kiraka cha saruji hakipumui: unyevu ukizuiwa hutafuta njia pembeni, na plasta inayokizunguka kiraka huvimba na kubanduka. Kwa hiyo chokaa ipake kwa ubavu wa penseli ya 4B, mkono mwepesi, kingo zififie. Saruji ipe kijivu kimoja na ukingo mkali, kisha mabanduko yaweke nje kidogo ya ukingo huo. Nyufa zilizotawanywa popote ili mchoro uonekane wa kale ni urembo wa uongo tu.

Saa ya kuchora? Utaambiwa asubuhi au alasiri. Kwenye vichochoro vyembamba mimi nachagua adhuhuri, jua linapoteremka sambamba na ukuta na kila kibonde kikatupa kivuli. Juni jua huwa kaskazini, tafuta ukuta unaotazama huko. Desemba, wa kusini.

Ukikuta NYUMBA HII HAIUZWI, usiyapambe maandishi. Kama mwandishi aliishiwa nafasi akazibana herufi za mwisho, nawe zibane. Ndani ya Fort Jesus, Mombasa, kuna plasta ambayo Wareno waliichora meli na watu kwa mkaa na udongo mwekundu. Mkono wa michoro hiyo si wa fundi, na kama mtu angeinyoosha, thamani yake ingepotea.

Kabla ya kukaa, toa salamu barazani na uombe ruhusa. Mlango ukiwa wazi, usichore yaliyo ndani. Mara nyingi mzee mmoja atakuja kuchungulia na kukwambia kiraka kile kilizibwa lini na nani. Yaandike maneno yake pembeni mwa karatasi papo hapo, kwa penseli ileile.