SOMO LA 14: KIDOLE CHAKO NI SAHIHI YAKO



Zamani mtu asiyejua kusoma aliitwa ofisini akaambiwa, "Weka dole gumba hapa." Alipakwa wino, akaweka. Hakujua karatasi ile ilisema nini. Pengine alikubali deni. Pengine aliuza shamba lake.

Wewe sasa unajua kusoma. Unaweza kuandika jina lako kwa mkono wako. Lakini dole gumba halijatuacha. Limerudi kwa njia nyingine, nayo ni simu.

Laini ya simu na alama ya kidole

Mwaka 2019 nchi yetu ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Siku ya mwisho ilikuwa 31 Desemba 2019. Baadaye ilisogezwa hadi 20 Januari 2020. Tangu hapo, laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa.

Ili usajili laini, unahitaji namba ya kitambulisho cha taifa, yaani namba ya NIDA. Namba hiyo ina tarakimu 20. Tarakimu 8 za kwanza zinaonyesha mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kwa hiyo kila laini ina mwenyewe anayejulikana. Mwenye laini akifanya kosa, aweza kutafutwa.

Hilo ni jambo jema. Lakini je, itakuwaje ikiwa laini ina jina lako, nawe huijui?

Jinsi watu wanavyoibiwa jina

Tuseme mama mmoja wa Chinongwe amekwenda gulioni. Anataka kusajili laini. Anaweka kidole kwenye mashine ya wakala.

"Mama, mashine haijashika. Weka tena," anasema wakala.

Mama anaweka tena. Anapewa laini moja, anashukuru, anakwenda zake. Kumbe mashine ilishika mara zote mbili. Laini ya pili imebaki kwa wakala, nayo ina jina la mama.

Laini hiyo inauzwa kwa tapeli. Tapeli anatuma ujumbe kwa watu: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Msimu wa korosho ukifika, wakulima wa Ruangwa na Nachingwea wanasubiri malipo. Tapeli naye anaujua msimu huo. Mkulima mmoja anatuma fedha, zinapotea. Anakwenda polisi. Polisi wanatafuta mwenye laini. Jina wanalolikuta ni la mama yule.

Mama hakuiba. Lakini itambidi aeleze.

Si mawakala wote walio hivyo. Wengi wanafanya kazi yao kwa uaminifu. Lakini mlango hufungwa hata kama jirani ni mwema.

Sheria inasema nini?

Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu, maskani yake na mawasiliano yake. Tena mwaka 2022 Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa binafsi ni habari zinazokutambulisha wewe: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, alama ya kidole, hata habari za ugonjwa wako.

Kwa sheria hii:
1. Anayechukua taarifa zako akueleze anazitaka kwa kazi gani.
2. Asizitumie kwa kazi nyingine kinyume cha sheria.
3. Una haki ya kuuliza ana taarifa gani zako.
4. Zikiwa na makosa, una haki ya kutaka zirekebishwe.
5. Ukidhulumiwa, unaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Jirani zetu wa Kenya nao walipata mtihani. Mwaka 2023 watu wengi wa Nairobi walipanga foleni wakapigwa picha za mboni za macho na mradi uitwao Worldcoin. Waliahidiwa fedha. Agosti 2023 serikali ilisimamisha kazi hiyo. Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru taarifa hizo zifutwe.

Kumbuka: namba ya siri ikijulikana, unaibadilisha. Ufunguo ukipotea, unabadilisha kufuli. Kidole na jicho huwezi kubadilisha.

Ufanye nini?

Bonyeza *106# katika simu yako, kisha fuata maelekezo. Utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni ya simu hiyo. Wataarifu na utake iondolewe.

Wakala akisema, "Weka tena," muulize kwanza, "Kwa nini?" Ukitoka, hakikisha tena kwa *106#.

Ukipata ujumbe wa kitapeli, usijibu wala usitume fedha. Upeleke kwa namba 15040.

Usimpe mtu namba yako ya siri, hata akisema anatoka benki au chama cha msingi.

Usimsajilie mtu laini kwa jina lako. Mgeni akiondoka, jina linabaki.

Mtu akikuletea karatasi utie sahihi, mwambie, "Subiri nisome kwanza." Kama maneno ni magumu, mwite anayeyajua. Kusoma kwanza si utovu wa adabu.

Maswali ya kujadiliana

1. Taarifa binafsi ni nini? Taja tatu.
2. Mama wa gulioni angefanya nini ili asiibiwe jina?
3. Katika kijiji chenu, nani wamewahi kuchukua namba zenu za vitambulisho? Je, waliwaeleza ni kwa kazi gani?

Zoezi

Leo, kabla ya kulala, hakikisha laini zako kwa *106#. Andika katika daftari idadi uliyoikuta. Msaidie na mzee mmoja asiyejua kusoma, lakini usiiandike namba yake ya kitambulisho.