Kuchuja Majaribio ya Programu

Wenzangu wengi wa chama cha kompyuta hupenda kuandika programu, lakini kazi ya kuijaribu huwachosha. Nataka kueleza hapa namna ya kuchagua majaribio machache kati ya mengi, na hatari iliyomo katika uchaguzi huo.

Jaribio ni kipande kidogo cha programu. Kazi yake ni kuiuliza programu kubwa swali moja, na kulinganisha jibu lake na jibu tunalolijua tangu mwanzo. Sisi twatumia chombo kiitwacho pytest, cha lugha ya Python. Hakina picha wala vitufe vya kubonyeza. Huamriwa kwa maandishi. Ukiandika pytest peke yake, hukusanya kila kipande ambacho jina lake laanza na test katika mafaili ya majaribio, kisha huviendesha vyote kimoja kimoja.

Programu yetu hupiga hesabu ya maksi za muhula, nayo ina majaribio 40. Sita kati ya hayo hutengeneza ripoti za shule nzima, na hayo sita tu hula dakika 12. Nasi hupewa chumba cha kompyuta dakika 40 kila Jumamosi. Basi hapana budi kuchuja.

Njia ya kwanza ni kwa jina. Amri hii, pytest -k wastani, huendesha majaribio yenye neno wastani katika majina yao. Njia ya pili ni --lf, ambayo hurudia yale tu yaliyoshindwa mara iliyopita. Njia ya tatu ni kuyapiga majaribio chapa, kisha kuyachagua kwa chapa hiyo kwa kutumia -m.

Kadhalika, chombo hiki chakubali kuongezewa chaguo la mtu mwenyewe. Katika faili liitwalo conftest.py huandikwa fanksheni mbili. Ya kwanza, pytest_addoption, hutangaza jina la chaguo, tuseme --polepole. Ya pili, pytest_collection_modifyitems, hupewa orodha ya majaribio kabla hayajaanza. Hukagua kila moja, na lenye chapa ya polepole huamuru lirukwe, ila kama mtumiaji ameandika --polepole. Hivyo 34 huendeshwa na 6 hurukwa, na hesabu zote mbili huonyeshwa mwishoni.

Hata vyombo vikubwa huongezewa chujio baadaye. Lugha ya Go ilikuwa na -run ya kuchagua majaribio. Chaguo la -skip, la kuyaacha, lilikuja na toleo la 1.20 mwezi wa Februari 2023.

Sasa nije kwenye hatari. Ungo hutenga mchele na pumba, na pumba tukazitupa. Lakini majaribio yaliyotengwa si pumba. Tuseme mtu amebadili hesabu ya wastani ili itoe namba nzima. Mwanafunzi mwenye 61.4 na mwenye 60.6 sasa wote wana 61. Akiandika -k wastani, majaribio 7 yatafaulu na 33 yataachwa, naye atafurahi. Kumbe jaribio la nafasi darasani, ambalo jina lake halina neno wastani, lingeshindwa, kwa sababu wawili hao sasa wamelingana. Mmoja atapoteza nafasi aliyoitolea jasho, na mzazi wake ataisoma ripoti hiyo akiiamini.

Hatari nyingine ni kukosea herufi. Ukiandika -k wasatni, hakuna jaribio litakalochaguliwa, na hakuna litakaloshindwa! Kwa bahati njema pytest hurudisha namba 5 badala ya 0, kuonyesha kwamba hakuna kilichoendeshwa.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, tumia chujio unapotengeneza, ili upate jibu upesi. Pili, soma daima hesabu ya yaliyoachwa, si ya yaliyofaulu tu. Tatu, kabla ya kukabidhi kazi, endesha majaribio yote 40 bila chujio, pamoja na --polepole. Zile dakika 12 ni chache kuliko muhula mmoja wa mwanafunzi aliyeandikiwa nafasi isiyo yake.