Koreshi wa Uajemi na Rumaliza wa Ujiji

Mwanafunzi wa dini asomaye Kitabu cha Ezra hukutana tangu mlango wa kwanza na mfalme mgeni, Koreshi wa Uajemi, aliyewapa Wayahudi ruhusa ya kurudi kwao Yerusalemu. Mji huo u mbali sana na Uajemi. Mfalme huyo alipataje uwezo wa kuamuru mambo yake? Aliupata kwa vita.

Waajemi walikuwa taifa dogo la wachungaji na wakulima, katika nchi kavu yenye milima, nao walikuwa chini ya Wamedi. Yapata mwaka 550 kabla ya Kristo Koreshi alimwondoa mfalme wa Wamedi. Miaka michache baadaye akaishinda Lidia, nchi yenye dhahabu nyingi, na mwaka 539 akaingia Babeli. Askari wa nchi zilizoshindwa waliongezwa katika jeshi lake, hata ushindi mmoja ukazaa mwingine. Mwanawe Kambise aliitwaa Misri mwaka 525. Halafu Dario akaigawa dola katika majimbo, kila jimbo likiwa na liwali wake na kodi yake, na kati ya Sardi na Susa kulikuwa na barabara ya kilomita 2,500 hivi. Dola hiyo ilidumu zaidi ya miaka 200, mpaka Aleksanda wa Makedonia alipoivunja mwaka 330.

Sasa liko jambo la kuangaliwa sana. Wafalme wa Babeli walikuwa na desturi ya kuwang'oa watu katika nchi yao na kuwapeleka mbali. Koreshi alifanya kinyume. Aliwaacha Wayahudi warudi, akawapa na vyombo vya hekalu vilivyokuwa vimetekwa. Ezra anavihesabu kuwa 5,400. Asidhani mtu kwamba ilikuwa huruma tupu. Nchi ya Yuda iko njiani kwenda Misri, na mtu aliyerudishiwa nyumba yake hulipa kodi bila kwenda shingo upande. Koreshi aliteka nchi, lakini wenyeji aliwaacha wakae ndani yake, walime na kuzaa. Hiyo ndiyo siri ya nguvu zake.

Watu wa Fizi na Baraka hawana haja ya kwenda Uajemi ili kuona utawala uliokua kwa vita. Mmoja ulikuwako katika ziwa lao wenyewe, nao uliongozwa na Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mtu wa Lindi katika pwani, aliyeitwa Rumaliza, yaani mwenye kumaliza. Makao yake yalikuwa Ujiji, ng'ambo ya ziwa, naye alishirikiana na Tippu Tip, mkubwa wa biashara ya pembe katika Manyema.

Biashara yenyewe ilimtangulia Rumaliza. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walipofika Uvira kwa mitumbwi, waliona kwamba wafanya biashara wa Ujiji wamekwisha kufika huko kutafuta pembe na watumwa. Lakini katika miaka ya 1880 biashara iligeuka kuwa utawala. Bunduki na baruti zilitoka pwani, zikapita Tabora, zikafika Ujiji, zikavushwa ziwani. Pembe zilirudi kwa njia ile ile mabegani mwa watu, na wengi wa wachukuzi hao walikuwa mateka. Hivyo bunduki ilileta mateka, mateka akachukua pembe, pembe ikanunua bunduki nyingine. Vijana waliotekwa wangali wadogo walilelewa katika maboma, wakapewa silaha, wakawa rugaruga wa kuteka wenzao. Pengine hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote.

Mbona upande wa magharibi ulishindwa upesi? Mashariki ya ziwa Rumaliza alijaribu kuingia Burundi, naye akazuiwa na majeshi ya mwami Mwezi Gisabo. Huko alikuwako mfalme mmoja aliyeweza kuita watu wa vilima vingi kwa siku moja. Wabembe hawakuwa na mfalme wa namna hiyo. Kila ukoo ulikuwa na wazee wake, na heshima ya bwami haikuwa amri ya vita. Katika Ubwari na Masanze vilevile kila jumbe alikuwa na watu wake tu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Penye jumbe wawili wenye ugomvi, mwenye bunduki hana haja ya kupigana nao wote. Humsaidia mmoja, na kesho yake wote wawili ni watu wake.

Mapadri Weupe walikuwa wamefika Masanze mwaka 1880, kisha Kibanga mwaka 1883. Waliwakomboa watoto wengi kwa mali, wakawalea. Ilikuwa kazi ya huruma kweli, ingawa mali ya ukombozi iliingia mikononi mwa watekaji wale wale. Wakati ule haikuonekana njia nyingine ya kumtoa mtoto katika kamba. Mwaka 1893 Mapadri wenyewe waliondoka Kibanga wakahamia kusini, Kirungu, mahali palipoitwa Baudouinville.

Utawala wa Rumaliza haukufikisha miaka 20. Koreshi aliacha mashamba yenye watu wa kuyalima. Rumaliza aliwachukua watu wenyewe, na kijiji kisicho na watu hakitoi chakula wala kodi wala askari. Ikawa lazima kwenda mbele daima, kutafuta vijiji ambavyo havijaguswa. Huko mbele alikutana na mtekaji mwingine. Dola ya Kongo ya Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, ilianza vita na Waarabu wa Manyema mwaka 1892. Mwezi wa Januari 1894 boma la Rumaliza lilipigwa kwa mzinga, Kabambare ikatwaliwa, naye akakimbilia ng'ambo, upande wa Wadachi. Wenyeji hawakupata raha kwa kushindwa kwake, kwa sababu dola ile mpya nayo ilidai pembe na mpira kwa nguvu, tena ilitaka wachukuzi.

Tippu Tip alikufa Unguja mwaka 1905. Misafara imekwisha, na soko la watumwa la Ujiji halipo tena. Lugha ya misafara ile imebaki Fizi na Baraka: akina mama huitumia wakipatana bei ya samaki ufukoni, na wana wa koo zilizotekwa huitumia kusoma habari za Koreshi na mateka aliowarudisha kwao.