Vidokezo: Picha Nyeusi na Nyeupe kwa Printa ya Nyumbani

Ukiingia sebuleni kwa wazee, iwe Mbeya au Iringa, hukosi kukuta picha moja nyeusi na nyeupe ukutani: babu amevaa koti enzi za ujenzi wa reli ya TAZARA, bibi akiwa binti wa shule ya misheni, maharusi wamesimama mbele ya pazia la studio. Sasa printa za wino zimeingia majumbani na wajukuu wanataka nakala zao. Wakichapa, picha inatoka na ukijani, au na wekundu wa mbali, na shati la babu linaonekana kama limelowekwa pamoja na kitenge. Printa si mbovu. Kijivu ndiyo rangi inayoisumbua printa ya wino kuliko zote, na dawa yake ipo.

1. Jua wino uliomo kwenye printa yako

Printa nyingi za nyumbani zina wino wa aina nne: mweusi, samawati, majenta na njano. Ikitakiwa kutoa kijivu, ina njia mbili kuu. Itawanye vitone vya wino mweusi juu ya weupe wa karatasi, au ichanganye zile rangi tatu mpaka zizimane. Njia ya pili ndiyo inayoleta ukijani, kwa sababu rangi moja ikizidi hata kidogo, jicho linaikamata papo hapo.

Canon za matenki kama G2010 na G3010 zina wino mweusi wa pigimenti, yaani wa chembechembe zinazokaa juu ya karatasi, na rangi tatu zilizoyeyushwa kabisa kwenye maji. Ukiiambia printa ya namna hiyo kwamba umeweka karatasi ya kung'aa, inauweka kando ule wino mweusi, maana pigimenti yake haishiki vizuri kwenye glosi. Weusi wote unapikwa kwa rangi tatu. Hapo ndipo shati la babu linapoharibikia.

Epson L805 ina wino wa aina sita, ukiwamo samawati hafifu na majenta hafifu. Kijivu chake ni laini zaidi, ingawa nacho ni cha kuchanganya. Printa zenye weusi wa ngazi kadhaa, kama Epson SureColor P700, ndizo zilizoundwa kwa kazi hii hasa, lakini bei yake ni ya mtu anayeishi kwa kuuza picha.

2. Achana na glosi, chukua mati

Kwa printa ya wino wa aina nne, huu ndio uamuzi utakaokuletea faida kubwa kuliko mwingine wowote. Karatasi nzito ya mati, yaani isiyong'aa, ya gramu 180 kwenda juu, inaupokea wino mweusi wa pigimenti na kuufanya uonekane mzito, bila mng'ao unaokuzuia kuona uso wa mtu. Karatasi ya kawaida ya ofisini, ile ya gramu 80, inalowa, inajikunja na kufifisha weusi, kwa hiyo itumie kwa majaribio peke yake.

Mufindi kwetu kuna kiwanda cha karatasi pale Mgololo na misonobari ya Sao Hill imejaa tele, ila kinachotoka pale ni karatasi ngumu ya vifungashio. Karatasi ya picha inatoka nje ya nchi. Ukimpata muuza vifaa vya ofisi mwenye mati nzuri, nunua pakiti mbili za aina hiyohiyo, kwa sababu ukibadilisha karatasi unaanza upya kujaribu.

3. Iambie printa ukweli

Chapa kutoka kwenye kompyuta, kwani simu nyingi zinakuficha mipangilio. Mambo matatu yasikupite: aina ya karatasi, ubora wa juu kabisa, na kile kisanduku cha kuchapa kwa kijivu tu. Ukiweka karatasi ya mati halafu ukachagua "kawaida", printa inamwaga wino kwa kipimo cha karatasi nyingine kabisa.

Kisanduku cha kijivu kina tabia yake. Kwenye baadhi ya printa kinalazimisha wino mweusi peke yake, na picha inatoka safi bila rangi ngeni, ila kwa karibu utaona punje, hasa mashavuni na angani. Kwenye nyingine hakibadilishi kitu. Chapa vipande viwili, kimoja kisanduku kikiwa kimewekewa alama na kingine kikiwa hakina, ndipo uchague. Mimi nachagua punje kuliko ukijani: picha ya zamani inazibeba punje vizuri, na picha ikiwa ukutani hakuna anayeziona.

4. Pima kwa kipande, kisha nenda dirishani

Mafundi wa picha wa chumba cha giza walikuwa wakipima karatasi kipande kwa kipande kabla ya kutoa picha nzima. Fuata njia yao. Kata karatasi yako vipande vinne, chagua sehemu ya picha yenye uso pamoja na nguo nyeupe, chapa hiyo tu. Iache ikauke kidogo, maana wino mbichi hudanganya.

Sasa itazame mara mbili: mchana karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, na usiku chini ya taa ya sebuleni. Kijivu cha kuchanganya kinaweza kuonekana sawa mahali pamoja na kugeuka mahali pengine. Amua kwa mwanga wa pale picha itakapotundikwa.

5. Nyuso zetu zinataka mwanga wa katikati

Kioo cha kompyuta kinawaka, karatasi haiwaki. Ndiyo maana picha iliyopendeza kwenye kioo inatoka nzito karatasini, na wa kwanza kuumia ni mtu mwenye ngozi nyeusi: macho yanazama, mstari wa nywele unapotea, koti na shingo vinakuwa kitu kimoja. Punguza mwanga wa kioo mpaka ukurasa mtupu ulingane na karatasi nyeupe uliyoishika pembeni yake. Kisha inua mwanga wa katikati na wa vivuli taratibu, bila kugusa weupe. GIMP inafanya kazi hii na ni ya bure.

Kama unaanza na picha ya rangi, usiondoe rangi kwa kubofya mara moja. Ngozi ya kahawia ina wekundu mwingi, kwa hiyo ukiupa mkondo mwekundu, yaani ile sehemu ya picha inayobeba rangi nyekundu, uzito zaidi, uso unang'aa na kuonyesha umbo lake. Mkondo huohuo unatia giza buluu ya anga, na mawingu juu ya mlima Loleza yanajitokeza kwa nguvu. Nguzo za asili za Isimila nazo, zikipigwa asubuhi au jioni wakati vivuli ni virefu, zinapendeza mno zikigeuzwa hivi.

6. Usichape kilichobanwa na WhatsApp

WhatsApp inaibana picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida. Mwombe ndugu yako akutumie kama dokumenti. Kwa ukubwa wa A4 unahitaji takriban pikseli 2480 kwa 3508 ili ufikie nukta 300 kwa inchi. Picha ndogo ya zamani iskani kwa nukta 600 au zaidi ili upate nafasi ya kuikuza. Huna skana? Itoe kwenye fremu, iweke kivulini karibu na mlango, zima flashi, shika simu sambamba nayo.

7. Umeme, vumbi na baridi

Zima printa kwa kitufe chake, usichomoe ukutani. Kitufe kinairudisha hedi, kile kichwa kinachotoa wino, kwenye kifuniko chake ili wino usikauke. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hedi inabaki wazi, kwa hiyo ukirudi iwashe mara moja ijirudishe yenyewe. Chapa kitu chochote kila wiki. Nozeli, yaani matundu ya wino, zikiziba, jaribu kuzisafisha mara mbili au tatu, kisha iache ipumzike mpaka kesho yake. Kusafisha mfululizo kunamaliza wino na kujaza ile sponji ya wino taka.

Iringa wakati wa upepo wa kiangazi, ifunike kwa kitambaa, kwani vumbi likitua kwenye karatasi linaacha vidoa vyeupe. Tukuyu na kwingineko Rungwe ambako mvua haziishi, weka karatasi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa; ikinyonya unyevu inajipinda na hedi inaikwaruza. Asubuhi za Juni na Julai, chumba chenye baridi chini ya nyuzi 10 hakiifai printa. Ngoja jua lipande.

8. Iache ikauke

Iache kwa saa 24 kabla ya kuiweka kwenye fremu, na isigusane na kioo. Itundike mbali na jua na moshi wa jikoni, hasa kama wino wako ni wa kuyeyushwa, maana huo hupauka mapema kuliko pigimenti.

Nakala ya kwanza mpelekee mzee anayewafahamu waliomo pichani, akutajie mmoja mmoja, na majina uyaandike nyuma kwa penseli. Fanya hivyo mwezi huu, angali anawakumbuka.